Ratiba ya ujenzi Mtwara ianzie kwenye mvua na korosho

Mipango kazi mingi ninayoletewa niipitie huanza na tarehe: msingi wiki ya kwanza, ukuta wiki ya tatu, bati wiki ya saba. Mimi huuliza kwanza kazi ipi haiwezi kuanza mpaka nyingine ikamilike. Tuchukue chumba cha darasa: msingi, jamvi (sakafu ya zege), ukuta, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kenchi (fremu za kubeba paa), bati, plasta, rangi. Huo ndio mnyororo. Lenta ikichelewa siku tano, jengo zima limechelewa siku tano. Madawati na grili zinachomelewa karakanani huku ukuta ukipanda, hivyo zikichelewa siku hizo hizo hakuna kinachosimama. Msimamizi akae na mnyororo. Anayefukuzana na kila kitu kwa uzito ule ule ataukosa.

Sasa weka kalenda ya huku. Mvua kubwa ni kuanzia Desemba mpaka Aprili. Kuanzia Oktoba vibarua wako mashambani kuokota korosho, na malori yanabeba magunia kupeleka maghalani. Kwa hiyo hesabu kwa kurudi nyuma: bati liwe juu kabla ya Desemba, kenchi na bati zenyewe ziwe zimeshafika saiti mwishoni mwa Septemba, msingi uanze Julai. Mwaka wa fedha wa serikali nao unaanza 1 Julai, ndiyo maana makadirio na michoro lazima viwe tayari Juni. Fedha zikiingia Oktoba, nashauri kamati iishie kwenye jamvi na kuendelea Mei. Ukuta usio na paa ukipigwa na masika, utalipia tena.

Vifaa vihesabiwe kwa kipimo. Jamvi la mita 7 kwa 9, unene sentimita 10, ni meta za ujazo 6.3. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kila meta ya ujazo inakula mifuko ya saruji kama 6 na nusu ya kilo 50, jumla 41. Agiza 43. Ukiagiza 60 "ili tusipungukiwe", inayobaki itaganda stoo kwa unyevu. Kwenye makadirio ya Newala na Tandahimba, maji yawe na mstari wake, maana zege linamwagiliwa angalau siku saba na uwanda wa Makonde, ziliko wilaya hizo, hauna maji ya kuokota. Saruji ikiwepo na maji yakakosekana, zege linapasuka, na fundi ndiye atakayelaumiwa kwa kosa la mpangaji.

Kuhusu maendeleo, sikubali "tumefika asilimia 90". Kozi (safu za matofali) zimejengwa ngapi? Lenta imemwagwa au bado? Kazi ambayo haijaisha naihesabu sifuri, na fundi alipwe kwa hatua iliyopimwa, si kwa ahadi. Ukimlipa mbele ya kazi, umeshapoteza nguvu ya kumrudisha saiti msimu wa korosho ukianza.

Katikati ya kazi atakuja kiongozi kuomba iongezwe ofisi ya mwalimu. Ombi linaweza kuwa zuri kabisa. Kabla fundi hajachimba, andika karatasi moja: gharama itaongezeka kiasi gani, siku ngapi, fedha zitatoka fungu lipi, nani ameidhinisha. Isiposainiwa, jembe lisiinuliwe.