Fizi kutoka damu si ugonjwa wa wazee

Dar es Salaam kijana akitema povu lenye damu asubuhi, ushauri huja haraka: pumzisha mswaki, kula machungwa, wewe bado mdogo. Ushauri huo umewaumiza wengi.

Upungufu wa vitamini C unaweza kweli kutoa damu kwenye fizi, lakini chanzo cha kawaida ni utando wa bakteria unaoganda pale jino linapokutana na fizi. Ukiacha kupiga mswaki, utando unaongezeka, unakomaa kuwa ugaga, yaani utando uliokauka na kuwa mgumu kama jiwe, na ugaga hauondoki kwa mswaki. Unahitaji kukwanguliwa kliniki. Fizi zilizovimba tu hupona kabisa zikisafishwa. Lakini mfupa unaoshika jino ukishaliwa na ugonjwa huo, haurudi wenyewe.

Umri mdogo haukingi. Homoni za balehe hufanya fizi zivimbe upesi hata kwa utando kidogo, na ujauzito hufanya hivyohivyo. Kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari. Kuna pia aina ya ugonjwa wa fizi inayorithiwa katika familia, inayokula mfupa wa magego ya kwanza na meno ya mbele tangu ujana, mara nyingi bila maumivu. Sigara nayo ni hatari kwa namna ya pekee: hupunguza damu kwenye fizi, hivyo mvutaji haoni dalili huku ugonjwa ukisonga mbele.

Tumia mswaki laini, mara mbili kwa siku, ukigusa ukingo wa fizi taratibu. Damu ikiendelea baada ya wiki mbili, au jino likianza kucheza, nenda kwa daktari wa meno.