Lita za oili hazipimwi kwa ukubwa wa dumu: ufafanuzi kwa wenye SUV ndogo

Malalamiko ya oili kuzidi au kupelea baada ya sevisi yameongezeka, hasa kwa SUV ndogo, na kitengo chetu cha ukaguzi wa magari kimeona vyema kutoa ufafanuzi. Hatuna shaka kwamba wengi hufanya sevisi kwa nia njema. Kinachoponza ni dumu. Oili huuzwa kwa madumu ya lita 4 au 5, na mwenye gari akishalipia dumu zima hutaka liishie lote ndani ya injini.

Toyota RAV4 yenye injini ya 2AR-FE, ukubwa wa lita 2.5, huchukua lita 4.4 za oili ikibadilishwa oili na filta. Mazda CX-5 ya petroli huchukua lita 4.2 kwa injini ya 2.0, na 4.5 kwa injini ya 2.5. Honda CR-V ya turbo ya lita 1.5 inatosheka na lita 3.5 tu. Mimina humo dumu la lita 5 na umezidisha lita moja na nusu: kranki (mhimili unaozunguka chini ndani ya injini) inaikoroga oili hadi inatoa povu, pampu inavuta hewa, presha inayumba, na sili zinaweza kuanza kuvuja. Oili nyingi si kinga zaidi. Tumelisema hili mara nyingi mno.

Viwango hivyo ni vya mfano. Injini hutofautiana kwa mwaka na soko, kwa hiyo kinachotawala ni kitabu cha gari husika, si taarifa hii wala kumbukumbu ya fundi.

Baada ya kumwaga oili ya zamani, kiasi fulani hubaki ndani, kwa hiyo usimimine kipimo chote kwa mkupuo. Bakiza kama nusu lita, washa injini kwa dakika chache, zima, subiri dakika tano gari likiwa mahali tambarare. Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), ifute, irudishe hadi mwisho, kisha isome. Ongeza kidogo kidogo mpaka ikaribie alama ya juu, usiivuke. Kwa injini nyingi, pengo kati ya alama mbili ni takriban lita moja. Ringi ndogo ya kuziba (washa) kwenye nati ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ibadilishwe kama kitabu kinavyoelekeza.

Oili kuwa nyeusi si dalili kwamba imekwisha. Ya dizeli hubadilika rangi mapema sana, maana kazi yake mojawapo ni kubeba masizi. Kinachohesabiwa ni kilomita au miezi, kinachotangulia kati ya hivyo. Safari fupi fupi, vumbi, kukokota tela na foleni ndefu hupunguza muda huo. Kuhusu unene, kama kitabu kinataka 0W-20, tafadhali msiweke 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, kwa hoja kwamba 0W-20 ni “maji”.

Sasa kumbukumbu, ambako madai mengi ya waranti hukwama. Risiti iwe na tarehe, kilomita zilizosomeka siku hiyo, namba ya usajili wa gari, unene na daraja (kiwango cha ubora) la oili, idadi ya lita, na namba ya filta. Risiti iliyoandikwa “sevisi” peke yake haithibitishi lolote. Mtengenezaji akibaini kwamba injini iliharibika kwa kukosa oili, kuzidishiwa, au kuwekewa oili isiyo ya daraja lililotajwa, anaweza kukataa dai, na gharama yote ikabaki kwa mwenye gari. Masharti hutofautiana, someni ya kwenu kabla ya kulalamika, si baada.

Oili chakavu ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, isichanganywe na petroli, maji ya rejeta wala breki fluidi, kwa sababu mchanganyiko huo hukataliwa kwenye vituo vya kukusanyia. Vaa glavu unapoishika. Kuimwaga mtaroni au ardhini ni kosa chini ya sheria za mazingira za nchi nyingi, na anayewajibishwa anaweza kuwa fundi, mwenye gereji, au mwenye gari aliyefanya sevisi nyumbani.