Vita moja, macho matatu

Kazi yangu kuhariri riwaya, na nikipokea mswada wa fantasia ya vita kitu cha kwanza naangalia, huyu anayesimulia sura hii hajui nini? Maana wengi wakiamua kusimulia kupitia watu wengi wanadhani lengo ni msomaji aone kila kona ya uwanja, basi jemadari anapewa sura, mfalme sura, mpiga mishale sura, na wote wanajua mambo yaleyale. Hapo bora usimulie mwenyewe yaishe.

Chukua vita ya Blackwater kwenye A Clash of Kings ya George R. R. Martin, ya 1998 (kama hujaisoma ruka, nakuharibia uhondo). Kaigawa kwa watu watatu. Davos yuko mtoni na meli za wanaoshambulia, zamani alikuwa mtu wa magendo kwa hiyo maji anayajua, anaona minara mipya mlangoni mwa mto inamtia wasiwasi, ila mkuu wa msafara ni mwingine na huyo anasonga mbele tu. Sisi tulishamwona Tyrion wa upande wa pili akiwaamrisha wahunzi waache kila kitu wafue mnyororo wa kufunga mlango wa mto. Yaani tunajua asichokijua Davos, na unajikuta unamwombea mtu ambaye sura chache nyuma ulitaka ashindwe! Moto wa kijani aliouandaa Tyrion unalipuka, Davos anageuka, mnyororo umeshainuka nyuma yake, hakuna pa kutokea.

Moto uleule Tyrion anautazama toka ukutani na anachopiga ni hesabu, kwamba huo ni nusu ya ushindi tu.

Halafu Sansa, msichana tu, na huyu ndo kiboko. Kafungiwa ngomeni pamoja na wanawake wengine, vita haioni kabisa, habari zinaletwa vipandevipande, malkia Cersei anazidi kulewa, na Ilyn Payne mkata vichwa kasimama humohumo na upanga. Sansa anakuja kuambiwa na malkia mwenyewe kwamba huyo yupo kwa ajili yao wao, awaue mji ukianguka wasitekwe hai. Mi naogopa hapo kuliko kwenye ule moto. Na nani kashinda anakuja kulisikia kwa Dontos, mlevi, anayesimulia eti mfalme aliyekufa ndo kaongoza jeshi, yaani vita haijapoa imeshageuka hadithi.

Gharama ipo lakini. Kitabu cha kwanza cha mfululizo huo, 1996, kilikuwa na wasimulizi 8 ukiacha dibaji, wakaongezeka mpaka ikabidi agawe wahusika kwenye vitabu viwili kufuata mahali walipo, kimoja kikatoka 2005 kingine 2011.

Juzi nimesoma mswada una wasimulizi 11, kati yao 9 makamanda. Nikamuuliza mwandishi, yule dogo anayenywesha farasi sura ya pili, vita ilipoanza alikuwa wapi? Kafungua ramani yake kaikagua weee, farasi wapo, dogo hayupo.