Rejesho halijui mbalamwezi

“Dada, nauza kila siku, lakini pesa siioni.”

Mimi ni mhasibu. Kazi yangu hapa Mwanza ni kukagua vitabu vya vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na kuwafundisha wanachama hesabu za biashara zao, na kauli hiyo naisikia sana. Safari hii aliyeniambia ni mama muuza dagaa. Anachukua mzigo soko la samaki la Mwaloni Kirumba na kuupima kwa kopo mtaani kwao. Daftari lake lilionyesha mikopo sita mfululizo ya kausha damu, yaani ile ya haraka yenye riba kubwa, kila mmoja shilingi 300,000, rejesho 12,000 kwa siku, siku 30. Ameniruhusu nitumie namba zake bila jina, kwa sababu anajua hayuko peke yake.

Tuanze na riba, maana hapo ndipo watu wanapofumbwa macho. Rejesho la 12,000 mara siku 30 ni 360,000. Mkopeshaji anakwambia riba ni asilimia 20. Ingekuwa kweli kama ungekaa na 300,000 yote mwezi mzima ukailipa siku ya mwisho. Lakini kesho yake tu umeshaanza kuirudisha. Ikifika siku ya 15, nusu imesharudi kwake, nawe bado unalipia riba kana kwamba yote iko kwenye biashara yako. Ukipiga wastani wa mwezi mzima, fedha uliyokuwa nayo kweli ni kama 155,000. Riba ya 60,000 juu ya fedha hiyo inakaribia asilimia 40 kwa mwezi mmoja. Na kama walikukata 15,000 ya fomu ukatoka na 285,000 mkononi, inapanda tena. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Pima mwenyewe umbali uliopo. Ndiyo maana neno “ada” huwa linatumika sana kwenye ofisi hizi kuliko neno “riba”. Kwangu mimi, fedha yoyote inayotoka mfukoni mwako kwa sababu ya mkopo ni gharama ya mkopo, iitwe fomu, bima au usumbufu.

Hata hivyo, riba peke yake haikutosha kumkwamisha mama huyu. Kilichomkwamisha ni kalenda.

Dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku kwa taa. Kwenye giza wanaufuata mwanga. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, taa haiwavuti tena, na wavuvi wengi wanapumzisha mitumbwi kwa siku kama 10. Mzigo unakuwa haba, bei inapanda, na mwenye mtaji mdogo anakaa nyumbani. Kwa hiyo mwezi wa mama huyu una siku 20 za kuuza. Rejesho lake lina siku 30.

Tulikaa kwenye kigoda tukaandika. Siku ya kuuza, akishatoa nauli na ushuru, faida yake ni kama 15,000. Mara 20, ni 300,000 kwa mwezi. Nyumbani wanatumia 6,000 kwa siku, na nyumbani watu wanakula siku zote 30, yaani 180,000. Kinachobaki ni 120,000. Marejesho ni 360,000. Ile tofauti ya 240,000 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mtaji. Kila asubuhi alikuwa anachota kidogo kwenye fedha ya mzigo ili afisa mikopo akija asiibebe televisheni, na siku ya 30 anapomaliza deni, kati ya 300,000 aliyokopa imebaki 60,000. Hapo anafanya nini? Anakopa tena. Kwake mkopo wa saba, aliokuwa anataka kuuchukua, ulikuwa wa kukuza biashara. Kwenye hesabu, ungekuwa wa kuziba shimo lililochimbwa na mkopo wa sita.

Alinyamaza kidogo, akasema: “Kumbe nilikuwa naila ile ile niliyokopa.”

Watu wengi wakiniuliza habari za kubana matumizi wanategemea niwaambie waache chai ya barabarani au wapunguze vocha. Sipendi kumwambia hivyo mtu anayelisha familia kwa 6,000. Nilichomwomba ni kubadili namna ya kuihesabu siku ya kuuza. Kama siku 20 ndizo zinazolisha siku 30, basi fedha ya nyumbani kwa siku ya kuuza ni 9,000. 6,000 inaliwa, 3,000 inaingia kwenye kibubu cha mbalamwezi. Baada ya siku 20 kibubu kina 60,000, ambayo ndiyo 6,000 ya kila siku kwa siku 10 za kukaa. Mtaji unabaki salama. Kibubu hicho kisiwe kwenye laini ile ile ya simu unayopokelea malipo ya wateja, maana huko kitaliwa bila wewe kujua.

Halafu kuna kikoba. Ana hisa za 100,000 kwenye kikundi chao, na katiba yao inaruhusu kukopa hadi mara tatu ya hisa. Yaani 300,000 ile ile ilikuwa inamsubiri kwenye sanduku la makufuli matatu, kwa riba ya asilimia 10 kwa miezi mitatu. Rejesho ni 110,000 kwa mwezi, na kinachobaki kwake ni 120,000. Inaingia, kwa kubana sana. Riba anayolipa pale inarudi kwa wanachama wakati wa mgao, yeye akiwemo. Nilimuuliza kwa nini hakuanzia hapo. Akasema kikao ni Jumamosi, wadhamini wanahitajika, wenzake watajua shida zake. Kausha damu wanakupa siku hiyo hiyo, hawaulizi kitu. Namwelewa kabisa. Aibu nayo ina bei, na yeye aliilipa 60,000 kila mwezi kwa miezi sita.

Kama huna hisa za kutosha, kopa kidogo kuliko unavyoruhusiwa. Rejesho la mwezi lisizidi kinachobaki baada ya nyumbani kula, na ukipiga hesabu hiyo anza kwa kuhesabu siku ambazo hutauza: mbalamwezi kwa wa dagaa, likizo kwa anayepikia wanafunzi, masika kwa fundi wa matofali. Usisaini karatasi ambayo hupewi nakala, na omba kuona leseni ya Benki Kuu.

Mkopo wa saba hakuuchukua. Jumamosi alikwenda na wadhamini wawili, na nyuma ya daftari ameshaziwekea duara tarehe za mwezi mpevu mpaka Desemba.