Insipience si mwanzo wa kitu

Insipience ni upumbavu. Ni neno la Kiingereza, limekuwamo tangu karne ya 15, na sifa yake ni insipient. Siku hizi humsikii mtu akilitamka, limebaki vitabuni. Ni upumbavu, nasisitiza, wala si ujinga: mjinga hajui, mpumbavu akili anazo ila hazitumii.

Tatizo ni jirani yake, incipient, lenye maana ya kitu kinachoanza. Yote mawili hutamkwa in-SI-pi-ent, sikio haliwezi kuyatenganisha. Ndiyo maana kwenye miongozo ya kuzima moto unakuta “insipient stage fire”. Aliyeandika alikusudia moto mchanga, ule ambao mtungi wa mkononi unautosha. Alichoandika ni moto mpumbavu. Kwenye meno nako vivyo hivyo: lile doa jeupe linalotangulia tundu huitwa incipient caries, lakini ukiweka s, jino limekosa busara. Kompyuta nayo inaweza isikupigie mstari mwekundu, maana neno lipo kamusini.

Tukirudi Kilatini, insipiens ni in-, yaani “si”, na sapiens, mwenye busara. Sapiens ileile ambayo Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alitubandika mwaka 1758 alipotuita Homo sapiens. Mbona basi si insapiens? Kwa sababu a fupi ikitanguliwa na kiambishi ilidhoofika ikawa i. Capere, kushika, nalo lilipatwa na hilohilo likazaa incipere, kuanza, ila in- ya humo haikanushi chochote. Warumi wenyewe hawakuwa na shida, kwani c yao ilisomwa k: inkipiens huku, insipiens kule. Baadaye Kifaransa kikailainisha c iliyo mbele ya i ikawa s, Kiingereza kikarithi, na mkanganyiko tunao hadi leo.

Ndugu wa kweli wa insipience ni insipid, chapwa. Sapere, kitenzi kilichozaa sapiens na insipid, kwanza ilikuwa kuwa na ladha, ndipo ikawa kuwa na busara. Mswahili hashangai hapo: dufu ni chakula kisicho na ladha, na ni mtu asiye na maana pia.

Insipiens maarufu kuliko wote yumo katika Zaburi ya 14, ambayo katika Biblia ya Kilatini ni ya 13: “Dixit insipiens in corde suo: non est Deus.” Kwetu ni “Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu.” Anselm, mtawa na mwanafalsafa, alimchukua huyohuyo akabishana naye katika Proslogion, kitabu chake cha kuthibitisha kwamba Mungu yupo, miaka ya 1077 na 1078, na mtawa mwenzake, Gaunilo, akajibu kwa niaba ya mpumbavu. Kwa hoja nzuri tu, tena.

Kwa hiyo ukiandika juu ya moto au jino, weka c. Ile s mwachie yule wa Zaburi.