Maandishi ya ubavuni soma mwisho: ninavyoitambua ndege adimu kwenye picha

Picha nyingi ninazotumiwa zimetoka kwenye albamu za wazee. Watu wamepanga mstari, wengine kanzu wengine kaptula, na nyuma yao kuna kipande cha bawa, injini moja na mkia nusu, basi. Swali ni lile lile, hii ni ndege gani? Na wengi wanakimbilia kusoma maandishi. Mi maandishi nayaacha mwisho kabisa, kwa sababu rangi hupakwa upya, kampuni huuziana ndege, namba za usajili hubadilishwa, na aliyeandika nyuma ya picha pengine kaandika miaka mingi baadaye kwa kukumbuka tu. Umbo ndo la kuaminika. Kwa hiyo naanza na injini, ngapi na zimekaa wapi, nashuka kwenye magurudumu, halafu bawa na mkia.

Chukua zile za mabawa mawili, moja juu moja chini, maana ndo zimejaa kwenye picha za Kenya na Tanganyika za miaka ya 1930 na 1940. Karibu kila mtu anaziita Rapide, yaani Dragon Rapide ya kampuni ya Uingereza de Havilland (ndo hiyo DH), na mara nyingi yuko sahihi, East African Airways wenyewe walianza kazi 1946 na Dragon Rapide 6. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Dragon yenyewe, DH.84, ambayo Wilson Airways ya Nairobi, ile kampuni aliyoianzisha Florence Kerr Wilson mwaka 1929, waliirusha pia, na kwenye picha iliyofifia hizi mbili zinachanganya kweli. Vuta picha uangalie ncha ya bawa. Bawa la Dragon upana wake ni ule ule toka mwilini hadi karibu na mwisho, na ncha yake ni butu, ya mviringo. La Rapide linapungua kadiri linavyoenda nje mpaka linachongoka. Sasa shuka kwenye gurudumu: la Rapide limefunikwa na gamba zito linaloshuka toka kwenye injini, yaani ndege kama imevaa suruali, wakati Dragon za mwanzo vyuma vya miguu viko wazi unaviona. Nasema za mwanzo makusudi, Dragon za baadaye nazo zilifunikwa miguu, kwa hiyo ukiwa na gurudumu peke yake usiape, subiri bawa. Na ukiona mabawa yamechongoka vile vile ila injini ni 4, achana na zote mbili, hiyo ni DH.86.

Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote, pale kitu kidogo kama ncha ya bawa kinamaliza ubishi.

Picha za Kongo ya mashariki ni habari nyingine, huko ni Antonov, ndege za Kisovieti zinazoandikwa An na namba ya aina, na watu wanaziita zote Antonov wanaishia hapo. An-26 injini zake zimekaa kawaida mbele ya bawa. An-32 ni mwili ule ule karibu kabisa ila injini zimepandishwa juu ya bawa, utadhani zimewekwa kimakosa, na sababu ni kwamba ilitengenezwa kwa viwanja vya joto na vya milimani ambako hewa ni nyepesi, ikapewa injini zenye nguvu karibu mara mbili na pangaboi kubwa zaidi ambazo zisingepata nafasi chini. Ukikuta pua yote ni vioo, hiyo ni An-30, ya kupigia picha za ramani. An-26 nayo ina jambo moja zuri, ubavu wa kushoto karibu na rubani kuna dirisha limevimba nje kama povu, kulia halipo. Mtu akiskani negativu kinyumenyume na hakuna herufi inayosomeka, dirisha lile linakuambia picha imegeuzwa.

Jeti kubwa za abiria zenye injini 4 zote mkiani ni rahisi, zinagombaniwa mbili tu, VC10 ya Waingereza na Il-62 ya Warusi. Il-62 ukingo wa mbele wa bawa una jino, umekatika kidogo, na ikiwa imeegeshwa hushusha mguu mwembamba wenye magurudumu madogo chini ya mkia isije ikakalia matako ikiwa tupu. VC10 haina mguu huo.

Hapo ndo sasa nasoma namba ya usajili, na namba hunieleza picha ni ya lini kuliko inavyonieleza ni ndege ya aina gani. Enzi za mkoloni Kenya ilikuwa VP-K, Uganda VP-U, Tanganyika VR-T. Baada ya uhuru zikaja 5Y, 5X na 5H tulizonazo mpaka leo. East African Airways walikuwa na Comet 4 tatu, jeti za abiria za Waingereza, zilianza zote na VP-K kisha zikagawanywa kwenye herufi za nchi tatu, kwa hiyo Comet yao yenye VP-K ni picha ya mwanzo mwanzo. Super VC10 zao 5 nazo ziligawanywa hivyo hivyo, ndo maana ukiona 5X usiseme haraka ni shirika la Uganda, shirika lilikuwa moja la wote mpaka lilipovunjika 1977.

Ombi langu kwa mwenye picha: usiipitishe kwenye programu za kusafisha sura na kutia rangi. Zile programu zinabuni, zinachora herufi ambazo hazikuwepo na kunyoosha ncha ya bawa, na ncha ndo tunayoitafuta. Iskani kama ilivyo kwa ubora wa juu, usikate pembeni hata kama kunaonekana vichaka na pipa la mafuta tu, na upande wa nyuma piga pia, muhuri wa studio ya picha mara nyingi unataja mji.