Nane kati ya kumi bado si jibu

Maafisa ugani hapa Mbeya huniletea karatasi za majaribio ya mahindi wakiwa wameshahukumu: "Mtaalamu, mbegu mpya imeshinda mashamba manane kati ya kumi. Tuandike kwamba ni bora?" Huwajibu: bado.

Tuseme wakulima 10 wa Mbozi wamegawa mashamba nusu kwa nusu, mbegu mpya huku, ya zamani kule. Upande uamuliwe kwa kura, maana mkulima akiachiwa achague, mbegu mpya ataipeleka penye samadi.

Nadharia tete, yaani dhana tunayoipima na kujaribu kuiangusha, inasema mbegu hizi hazitofautiani. Ikiwa ndivyo, kila shamba ni kama shilingi iliyorushwa: mpya inaweza kushinda au kushindwa, nafasi sawa. Shilingi 10 zina njia 1,024 za kuanguka, na katika njia 56 kichwa hutokea mara nane au zaidi. 56 kwa 1,024 ni 0.055. Kumbe bahati tupu inaweza kutupa ushindi wa namna hiyo, au mkubwa zaidi, mara tano na ushee katika kila mia. Na ukiuliza tu kama mbegu zinatofautiana, bila kujali ipi inashinda, namba hiyo inakuwa maradufu.

Wengi huweka mpaka kwenye 0.05: namba ikiwa chini ya hapo, wanaikataa nadharia tete. Aliyeueneza, kuanzia mwaka 1925, ni Ronald Fisher, mtakwimu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Ni desturi inayofaa, si amri. Sioni kwa nini 0.049 ishangiliwe na 0.055 itupwe.

Dawa ni kuongeza mashamba. Mbegu mpya ikishinda 16 kati ya 20, uwiano ni uleule, lakini hesabu inashuka hadi 0.006. Hapo naikataa ile nadharia ya kutokuwepo tofauti.

Ila msiisome vibaya. 0.006 haimaanishi kuna uhakika wa asilimia 99.4 kwamba mbegu ni bora. Inatuambia matokeo haya yangekuwa adimu kiasi gani *kama* mbegu zingekuwa sawa, basi. Wala haisemi mbegu imezidi kwa kiasi gani: imeshinda kwa debe moja kwa ekari, au kwa magunia matano? Mkulima anayenunua mbegu dukani anataka kujua hilo kwanza, na ripoti nyingi ninazozipokea hazilitaji kabisa.

Halafu kuna suala la sampuli. Mashamba 20 ya Mbozi, hata yakichaguliwa vizuri, hayawezi kuwasemea wakulima wa Makete kwenye baridi kali.